Ndugu Mhariri, mche wa hoho hujikata kichwa wenyewe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu hufika Lukozi na basi la mchana, nami hulisoma kesho yake, mwenye duka la pembejeo akishalimaliza. Kwa hiyo makala ya ukurasa wenu wa kilimo kuhusu kukata vichwa vya miche ya pilipili ilinifikia ikiwa imekunjwa mara nne na kupigwa mstari wa kalamu nyekundu. Mstari ulipita chini ya sentensi inayomtaka mkulima akate ncha ya kila mche wa pilipili ukifikisha majani sita, ili mavuno yawe maradufu. Aliyepiga mstari ni jirani yangu. Asubuhi yake nilimkuta shambani kainama na wembe, tuta zima kashalimaliza, vichwa vya hoho vimelala chini kama mchicha uliochambuliwa. Nikamwambia, "Jirani, hebu simama kwanza, tunywe chai." Tulikunywa chai, akaniuliza mbona namzuia, na majibu niliyompa ndiyo ninayowaandikia ninyi, maana wembe ule aliupata kwenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 54. Nalima pilipili hoho bondeni, chini ya soko la Lukozi, wilayani Lushoto, na huu ni mwaka wangu wa 19. Shamba ni nusu eka, pamoja na kipande kidogo kando ya mfereji ambacho mume wangu anakiita chake. Sikusomea kilimo. Nilicho nacho ni daftari, na msimu mmoja nilioupoteza kwa wembe kama huo.

Ilikuwa mwaka juzi. Kijana mmoja aliyekuja kutembelea ndugu zake hapa alinionesha video kwenye simu. Mzungu amesimama dirishani kwake, mbele yake mche wa pilipili kwenye kopo, anaukata juu kwa mkasi. Picha inayofuata ni mche huo huo umejaa matunda hata majani huyaoni. Ikaniingia. Mbegu zangu, California Wonder, nilikuwa nimezisia kitaluni wiki ya pili ya Januari, nikapandikiza mwisho wa Februari. Miche ilipokwisha kushika, nikaingia shambani na vibarua wawili, tukakata kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mume wangu akasema matuta yake mawili ya kando ya mfereji yasiguswe. "Miche yangu atakata aliyeiumba," akasema, akaenda zake kunywa kahawa. Nilimwona mvivu, na nilimwambia hivyo mbele ya vibarua.

Mwanzo nilijisifu. Kila mche uliokatwa ulitoa matawi manne, matano, ukawa kichaka cha duara kinachopendeza. Watu waliopita njiani walisimama kuuliza ni mbegu gani. Miche ya mume wangu ilikuwa mirefu, imekaa kama fimbo yenye manati juu yake. Sasa ilipofika wiki ya pili ya Mei, yeye akachuma tenga lake la kwanza. Mimi nilikuwa na maua.

Anayejua biashara ya mboga za Lushoto anajua Mei ni nini. Masika yamemwagika, kule tambarare hoho nyingi zinaoza shambani, na Kariakoo wanazitafuta. Dalali aliyekuja na Fuso alipita katikati ya matuta yangu kama anapita kwenye magugu, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu. Mume wangu hakusema neno. Angesema ningejisikia afadhali.

Mchumo wangu wa kwanza ulikuja siku 18 baada ya wake, tumeshaingia Juni. Na Juni huku kwetu si mwezi wa hoho. Bondeni ukungu hauinuki mpaka saa nne asubuhi, na usiku baridi inashuka kutoka milimani na kukaa pale pale chini kama maji. Hoho haipendi usiku wa namna hiyo. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ua ama linadondoka, ama linashika bila mbegu za kutosha ndani, na tunda linabaki dogo, bapa, gumu. Sisi tunayaita vifungo. Matawi yangu mengi yalikuwa na maua mengi, na maua mengi yakanipa vifungo vingi. Maradufu niliyapata kweli, kwa kuhesabu. Dalali akachukua moja, akaliviringisha kiganjani, akaniuliza, "Mama, hizi ni za koti la nani?" Akanilipa nusu ya alichomlipa mume wangu.

Halafu ukaja upepo. Tawi la hoho si tawi la mpera. Pale linapoungana na shina ni dhaifu, linavunjika kama karoti. Mche wenye matawi mawili yaliyotoka penye panda unaweza kuufunga kwa kamba moja ya katani kwenye mti mmoja ukasimama. Kichaka cha matawi matano yaliyotoka karibu na ardhi, yote yakienda upande wake, utakifungaje? Niliokota matawi mazima yenye matunda mabichi, nikawapa mbuzi, nao mbuzi wakala majani wakaacha matunda.

Kosa lilikuwa langu, simlaumu kijana wa watu. Ila baada ya hapo nilikaa chini nikautazama mche wa hoho kwa makini, jambo ambalo kwa miaka 17 sikuwahi kulifanya. Nawaomba na ninyi, kabla hamjaandika tena, mtume mtu akautazame.

Mche wa hoho hupanda na shina moja. Unatoa majani manane, kumi, pengine kumi na mawili, kutegemea mbegu na hali ya hewa. Kisha pale juu kabisa unatoa ua. Ua hilo ndilo mwisho wa shina, juu yake hakuna kitu. Kinachoendelea kukua ni matawi mawili, mara nyingine matatu, yanayochomoza ubavuni mwa ua, na hapo ndipo tunapopaita penye panda. Kila tawi likienda kidogo linaishia kwa ua na kugawanyika tena, na yale yaliyogawanyika nayo hivyo hivyo, mpaka juu. Yaani mche wa hoho hujikata kichwa wenyewe. Anayeukata ukiwa na majani sita anaufanyia kazi ambayo ungeifanya wenyewe wiki chache mbele, tena ungeifanya bila kidonda na bila kusimama kukua kwanza ili upone.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana na nyanya. Nyanya ndefu huongozwa kwa shina moja, unaondoa maotea, yaani vitawi vichanga, kwenye kwapa la kila jani, na usipoyaondoa unapata msitu. Mtu aliyezoea nyanya akiingia kwenye hoho mkono unamwasha. Tena kuna wale wenye vitalunyumba, wanaofunga kamba juu ya kila mche na kuuacha na mashina mawili tu mwezi hadi mwezi, kwa sababu wanachuma muda mrefu na kila hatua ya ardhi wameilipia. Kazi yao naiheshimu, lakini mimi sina paa. Na yule mzungu wa dirishani naye nimekuja kumwelewa. Kwao pilipili inasiwa ndani ya nyumba wakati nje bado kuna baridi kali, mche unakaa miezi kwenye kopo ukisubiri, mwanga hautoshi, unarefuka shingo. Mche wa namna hiyo ukiukata unausaidia, na muda anao wa kumwaga. Sisi mche ukirefuka shingo kitaluni maana yake tumesia kwa kubanana, na dawa yake ni kupunguza miche na kuondoa kivuli mapema.

Mwaka jana nilifanya jaribio. Matuta matatu yaliyolala pamoja, miche 50 kila tuta, siku moja ya kupandikiza, samadi ile ile, maji yale yale. La kwanza sikuligusa. La pili nilikata vichwa kama mlivyoandika. La tatu nilitoa ua la kwanza la penye panda na maotea yote ya chini yake. Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeshika daftari na mizani, kwa masharti kwamba tuta la kwanza liitwe kwa jina la timu yake.

Tuta lisiloguswa ndilo lililotangulia kutoa, lakini matunda yake ya kwanza yalikuwa mabaya kutazama. Lile tunda linalokaa katikati ya panda hubanwa na matawi mawili yanaponenepa, linatoka limepinda, lina mkunjo ubavuni, na kwenye mche mfupi linagusa udongo na kuoza kitako. Tuta lililokatwa vichwa lilitoa idadi kubwa kuliko yote, likachelewa kuliko yote, na matunda yake yalikuwa madogo kuliko yote. Tuta la tatu lilichelewa siku nane nyuma ya lile la kwanza. Kufikia mchumo wa tatu lilikuwa limelipita kwa kilo, na hoho zake zilikuwa za saizi moja, nne zinajaza viganja viwili. Ni matuta matatu ya mtu mmoja kwenye bonde moja, sisemi ni utafiti. Watafiti wa mboga wako kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Tengeru, Arusha, na ninyi mnayo simu na gari.

Sasa nieleze ninavyofanya, kwa sababu jirani yangu alisema nikiishia kulalamika mtanitupa kapuni.

Miche ikishashika shambani, siigusi mpaka panda ionekane. Ua la kwanza nalitoa likiwa bado kitumba, halijafunguka, kwa kulibana kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada. Likikatika vizuri unasikia mlio mdogo. Ukisubiri mpaka liwe tunda kubwa kama yai umeshachelewa, mche umekwisha kulilisha. Kwa nini nilitoe? Kwa sababu mche wa kimo cha shubiri mbili ukianza kunyonyesha hauendi tena juu, nguvu yote inakwenda kwa mtoto huyo mmoja, mizizi na matawi vinasimama. Ila silitoi kwa kila mche. Nikiona mche umenona, una majani mapana na shina nene kama kidole, unakimbilia majani tu bila kufikiria matunda, huo nauachia mtoto wake autulize. Hapo ndipo mkulima anapotumia macho, wala hapaandikiki vizuri gazetini, nakubali.

Chini ya panda huwa kuna maotea, vitawi vinavyochomoza kwenye kwapa za majani ya shina. Hivyo navitoa vyote vikiwa na urefu wa kidole, kwa kuvisukuma pembeni kwa dole gumba. Vikiwa vichanga vinang'oka bila kuacha gamba. Vinakula, vinaziba hewa, na matunda yake yangelala chini. Majani yanayogusa udongo nayo nayaondoa, taratibu, mawili matatu kwa mara moja, mpaka pabaki wazi kama shubiri moja kutoka ardhini. Mvua ya huku ikipiga udongo inaurusha, na udongo ukifika kwenye jani unakuja na madoa. Tangu nianze hivyo, yale madoa meusi yenye ukingo wa njano yanayoanzia chini na kupanda juu yamepungua. Hayajaisha.

Juu ya panda sipunguzi kitu msimu wa jua. Kuna mwaka kibarua wangu alipogolea kwa bidii, akasafisha majani ya ndani yote ili hoho "zipate mwanga". Zilipata. Baada ya siku tano kila tunda lililotazama magharibi lilikuwa na baka jeupe kama karatasi, limeungua, na ukilibonyeza linaingia ndani. Hoho si embe. Inataka kivuli cha majani yake yenyewe. Hili la kuungua makala yenu haikuligusa kabisa.

Na saa ya kufanya kazi hii ni muhimu kuliko kifaa. Umande ukikauka, kama saa nne, kwenye siku ambayo huoni dalili ya mvua, ili vidonda vikauke kabla ya usiku. Ukipogolea hoho kwenye manyunyu, ugonjwa wa tuta la kwanza utaupeleka mpaka la mwisho kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nilikwisha acha wembe, natumia kucha. Anayetaka wembe achukue mbili, moja ikiwa kazini nyingine iwe kwenye kikopo cha spiriti, azibadilishe kila tuta.

Hapo nifungue jambo la tumbaku, maana hili watu hucheka wanaposikia. Kuna ugonjwa wa virusi unaopiga tumbaku, nyanya na pilipili pamoja, majani yanakuwa batobato ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka, yanakunjamana, mche unadumaa. Virusi hivyo havifi tumbaku ikikaushwa. Viko kwenye sigara, viko kwenye ugoro, na kutoka hapo vinahamia kwenye vidole. Anayevuta kisha akaja kubana maua ya hoho anachanja mche mmoja baada ya mwingine kama mganga wa zamani. Nilikuwa na kibarua hodari, mzee mmoja mwenye mkono mwepesi, lakini mfuko wa ugoro haukumtoka. Mistari aliyoshika yeye ndiyo iliyopata batobato, na mistari ya wenzake hapana. Sikumfukuza. Nilimpa sabuni ya mche na ndoo ya maji, anawe mpaka kwenye viwiko kabla ya kuingia, na ugoro ubaki kwenye koti, koti libaki kwenye mti.

Baadaye bwana shamba mmoja kijana akaniambia maziwa ni bora zaidi, kwamba ukichovya vidole kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta kila baada ya miche kadhaa, virusi haviambukizi sawasawa. Nikamwambia, "Mwanangu, umeshaongea na mama mkwe wangu?" Hakuwa ameongea naye. Nilijaribu siku moja. Mama mkwe alipoona nachovya vidole kwenye bakuli la maziwa katikati ya shamba alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, akavua kilemba, akauliza kwa Kisambaa kama nimeanza kuwanywesha pilipili. Kwa amani ya nyumba tumerudi kwenye sabuni. Lakini la maziwa ni la kweli, na mwenye ng'ombe wa ziada ajaribu.

Sasa msidhani napinga kukata vichwa popote. Wifi yangu yuko Mombo, kule chini barabara kuu inakopita, ambako joto ni la kukaushia nguo kwa dakika kumi. Analima pilipili mbuzi, na mwaka huo huo mimi nilipoharibikiwa yeye alikata vichwa akafanikiwa. Nilipompigia simu kulia, akanijibu, "Wifi, mbona mimi zangu zimejaa?" Ilinichukua muda kuelewa. Pilipili mbuzi ni tunda dogo, jepesi. Hakuna dalali anayepima ukubwa wake, anapima debe. Matawi mengi ni matunda mengi ni madebe mengi. Mche wake unaishi zaidi ya mwaka ukitunzwa, unachumwa mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo kuchelewa wiki mbili tatu mwanzoni si hasara. Na usiku wa Mombo hakuna baridi ya kuangusha maua. Ncha ya mche, wataalamu wanasema, hutoa kichocheo kinachoshuka chini na kuyalaza macho ya pembeni. Ukiiondoa yanaamka yote. Kwake hilo ni neema. Pilipili kichaa hali kadhalika. Mimi mwenyewe nina vichaa vyangu kando ya jiko, nimevikata vichwa vyote vikiwa na kimo cha shubiri, na vinanishinda kuchuma.

Kati ya shamba langu na la wifi ni mwendo wa asubuhi moja, kwa kona za Soni. Mkoa mmoja, zao lenye jina moja, ushauri mmoja. Yeye umemjengea choo kipya. Mimi umeniuzia vifungo.

Huku kwetu Usambara watu wana kumbukumbu ndefu na ushauri wa namna hiyo. Mama mkwe alikuwa msichana mdogo wakati serikali ya mkoloni ilipowalazimisha watu wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta milimani, kila nyumba na kipimo chake, na asiyechimba apelekwe barazani. Anasema matuta hayakuwa mabaya yote. Ubaya ni kwamba aliyeyapima alikuja na kamba yenye urefu mmoja kwa kila mlima. Mradi ule ulikufa kabla ya Uhuru, na wengine waliyavunja matuta usiku kwa furaha, na udongo nao ukashuka. Kwa hiyo gazeti likisema "kila mche wa pilipili", wazee wa hapa wanacheka na kuliweka dukani la kufungia misumari. Vijana ndio wanaoamini, na vijana ndio wenye mikopo ya kulipa.

Ninachowaomba ni kidogo. Mkiandika pilipili, semeni ipi. Hoho, mbuzi na kichaa si mtu na ndugu zake mapacha. Semeni ililimwa wapi, juu au chini, mwezi gani ilisiwa na mwezi gani ilichumwa, na tenga au debe liliuzwaje siku ile. Na kwenye picha, jamani, wekeni picha ya shamba letu. Ile mliyoitoa ina mche uliosimama kwenye chungu cha plastiki juu ya sakafu ya mbao, na pembeni kuna paka. Nilimwonesha mume wangu akauliza kama paka naye amekatwa kichwa. La lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, ambalo linatula kuliko virusi vyote, nitaliandikia barua yake, maana nikilianza hapa hamtanichapa.

Jirani yangu, mkitaka kujua, alikuwa amekata miche 60 na kitu kabla sijamfikia. Hatukuing'oa. Tumeiwekea vijiti viwili viwili na kamba za katani, na kwenye kila mche tumechagua matawi mawili yenye nguvu tukayaacha, mengine tumeyatoa yakiwa machanga, ili yaliyobaki yapate kujaza tunda. Itachelewa, lakini amesia mapema mwaka huu, huenda ikatangulia baridi. Tumehesabu kwa vidole, tukapata kwamba itaanza kuchumwa wiki ya mwisho ya Mei, mvua ikituhurumia.

Mkimtuma mwandishi wenu wiki hiyo, aje aone matuta ya jirani na yangu siku moja. Ashuke Mombo, apande gari la Lushoto, kisha la Lukozi, aulize kwa mwenye duka la pembejeo anayelisoma gazeti kabla yangu. Atamleta mpaka bondeni. Chai ipo, na ugali wa kulalia upo. Kama anavuta, sigara aziache Mombo kwa wifi.

Wenu,
Mkulima wa hoho,
Lukozi, Lushoto, Tanga